Fisi Aliyejiita Bi Yakuti

— Ngano, jamani, ngano!

— Ngano na ije, tumekaa!

— Ije na nini?

— Ije na utamu wake!

Haya, sogeeni. Wewe uliye mlangoni ingia ndani, ngano haisikilizwi kwa mguu mmoja.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa na mji wao, na mji una soko, na soko lina kelele, palikuwa na mji ukiitwa Utulivuni. Sultani wake alikuwa Simba. Mkuu wa walinzi wake alikuwa Bwana Chui, mwenye manyoya ya kung'aa na maneno laini.

Nje ya mji, nyuma ya ukuta, palikuwa na jaa. Taka zote za mji zilitupwa huko: maganda, majivu, vigae na mifupa. Na juu ya jaa hilo waliishi fisi. Sheria ya mji kwao ilikuwa moja tu: fisi asipite langoni jua likiwa juu. Akitaka maji, asubiri giza. Akitaka chumvi, asubiri giza. Hata akiugua akitaka mganga, augue polepole, asubiri giza.

Huko jaani akazaliwa fisi jike. Kwa kuwa alizaliwa usiku, mama yake akamwita Chausiku.

Chausiku alikuwa na sauti. Tena si sauti, jamani, ni asali ya nyuki wadogo! Mama yake akivunja mifupa, ka! ka! ka!, yeye huimba kwa kufuata mapigo yale, na fisi wote wa jaani huacha kugombana wakamsikiliza.

Siku moja akasema, "Mama, nataka kwenda mjini kuimba."

"Utapitaje langoni, mwanangu? Miguu yako ya nyuma ni mifupi kama yangu. Wataijua."

"Nitavaa mitalawanda, vile viatu virefu vya mti, miguu ya nyuma, niwe sawasawa."

"Na madoa yako?"

"Nitajifunga kanga, moja chini, moja juu."

"Na harufu ya jaa?"

"Nitajifukiza udi."

Mama akaweka mfupa wake chini. Kisha akauliza, "Na cheko lako je? Cheko la fisi halina kanga ya kulifunika."

"Sitacheka, mama."

"Maisha yako yote?"

"Maisha yangu yote."

Mama akamtazama sana. Akasema, "Nenda. Sauti kama hii si ya kuimbia mifupa. Lakini ukishiba, mwanangu, utukumbuke."

Basi Chausiku akaenda. Ko, ko, ko, mitalawanda ikilia njiani. Langoni alisimama Bwana Chui.

"Hodi," akasema Chausiku.

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Bi Yakuti. Natoka mbali, ng'ambo ya milima. Sisi ni ukoo wa mbwa wa mfalme."

Chui akamnusa. Udi ukampiga puani, akapiga chafya. "Pita, bibi," akasema. "Pita, wageni wa heshima hawaulizwi mara mbili."

Akaimba harusini kwa ndege Kanga. Watu wakasema, "Huyu nani?" Akaimba kwenye arobaini ya mtoto wa Punda Milia. Watu wakasema, "Huyu ndiye!" Akaimba siku ya sherehe ya Sultani, na Simba mwenyewe akashuka kitini akamtunza mbele ya watu. Basi, mji mzima ukawa mali yake. Akipita, wanaacha mizani sokoni. Wasichana wakazaliwa wakaitwa Yakuti, hata mtoto wa Kobe.

Mali ikafuata sifa kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Akajenga nyumba ya chokaa karibu na uwanja wa Sultani. Akalalia godoro la sufi. Jirani yake upande wa kulia alikuwa Bi Mbuzi, mjane mwenye watoto watatu, na hao watoto walishinda barazani kwake wakijifunza nyimbo. Jirani yake upande wa kushoto alikuwa Bwana Chui, mwenye mvule mkubwa uani, mti ambao kilele chake hakionekani kwa majani.

Chausiku akashiba. Je, aliwakumbuka?

— Hatujui, tuambie!

Siku moja jioni alikuwa na wageni, Bi Mbuzi na Bwana Chui na wengineo, wanakunywa kahawa. Mlango wa nyuma ukagongwa, na kabla hajainuka, akaingia mama yake. Kanga yake imechanika, miguu ina majivu. Mkononi ana furushi la jani la mgomba, na ndani yake mfupa wenye uboho, ule aupendao mwanawe tangu utotoni. Alikuwa amevizia giza linaingia, akapita pembeni pembeni mpaka pale.

Wageni wakageuka. Chui akauliza, "Bi Yakuti, huyu nani?"

 Chausiku akamtazama mama yake, akawatazama wageni. Ulimi wake ukasema peke yake: "Huyu? Huyu ni mzoa taka wangu."

Mama alisikia.  Akaweka furushi lake chini, akainama, akakusanya maganda ya karanga na makombo yaliyokuwa chini ya miguu ya wageni, akasema, "Samahanini, mabwana na mabibi. Nimekuja kuchukua taka." Akatoka nazo.

Chausiku akaombwa aimbe. Akafungua kinywa, sauti ikagoma kama punda aliyechoka. Akasema ana mafua.

Siku zikapita. Ikaja ngoma kubwa ya Sultani. Mji mzima upo. Chausiku amesimama katikati, anaimba, watu wametulia. Mara Kiboko, aliyechelewa, akaja kwa haraka, akakalia kigoda cha mke wa Sungura. Wimbo ulipokwisha akainuka kupiga makofi, na kigoda kikainuka naye, kimemnasa nyuma. Akageuka kushoto kukitafuta, hakioni. Akageuka kulia, hakioni. "Jamani," akasema, "nani kaniibia kigoda?"

Chausiku akauma midomo. Akafumba macho. Akawaza misiba. Wapi! Cheko likapanda toka tumboni, likapita kifuani, likafika kooni, likatoka:

"Hiii-hi-hi-hi-hiii!"

Akacheka mpaka mitalawanda ikamtoka miguuni. Akacheka mpaka kanga ikaanguka. Alipoacha kucheka, uwanja ulikuwa kimya, na yeye amesimama pale, mgongo umeteremka, madoa nje. Fisi kamili.

Mnadhani walimpiga? Hawakumpiga. Alikuwa tajiri, alikuwa maarufu. Sultani akakohoa, akasema, "Ehe... endeleeni na ngoma." Na kila mtu akamwambia, "Aa, si neno, Bi Yakuti! Sisi kwetu fisi ni kama mtu mwingine yeyote."

Lakini kesho yake alipotoka asubuhi, alimkuta Bi Mbuzi anapigilia komeo jipya mlangoni.

"Habari za asubuhi, jirani. Mbona komeo?"

"Ah, upepo tu, jirani. Siku hizi upepo mwingi." Na watoto watatu wakavutwa ndani.

Chausiku akajisemea, nina mali, nitalimaliza hili. Akaandaa karamu, akalisha mji mzima. Wakala, wakasifu, wakashiba. Lakini walipokwenda nyumbani wakajisugua mikono kwa majivu, eti kutoa unajisi wa fisi. Akachimbisha kisima cha mawe katikati ya soko. Wakachota, wakasifu, wakakipa jina: Kisima cha Fisi. Akawanunulia watoto wa Bi Mbuzi njuga za shaba za kuvaa shingoni. Bi Mbuzi akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, ahsante," na mtoto wa kwanza alipotaka kumkimbilia Chausiku kumkumbatia, mama mtu akamdaka mkia.

Wakaendelea kumwita aimbe, naam. Ila sasa waliomba aimbe akiwa nje, dirishani.

Chausiku akakaa barazani kwake peke yake. Mali ilimpa nyumba, akaipata. Sifa ilimpa jina, akalipata. Lakini wakimtazama machoni wanaona jaa, na jaani nako alikwisha kata kamba kwa ulimi wake mwenyewe. Akawa hana huku, hana kule.

Kisha, jamani, balaa.

Mtoto mkubwa wa Bi Mbuzi akapotea. Wakamtafuta kisimani, wakamtafuta shambani, hayupo. Watu wakaitazama nyumba ya Chausiku, wakanong'ona.

Akapotea wa pili. Watu wakaacha kunong'ona, wakasema kwa sauti.

Akapotea wa tatu, kitindamimba, alfajiri, mama yake alipokwenda kuwasha moto tu. Na mlangoni kwa Chausiku ikaokotwa kwato ndogo yenye damu. Aliyeiokota ni Bwana Chui.

"Nilisema mimi!" akapiga kelele. "Nilisema! Sauti nzuri, tumbo baya! Fisi ni fisi hata akilalia sufi!"

Wakamfunga kamba. Wale wale waliomtunza ndio waliomvuta. Wakampeleka uwanjani mbele ya Sultani Simba. Bi Mbuzi alikuwa pale, amejifunga kitambaa kichwani, analia hana sauti. Hilo ndilo lililomuuma Chausiku kuliko kamba.

"Bi Mbuzi," akasema, "sikuwala wanao. Nawapenda."

Bi Mbuzi akageuza uso.

Simba akanguruma: "Kuna yeyote wa kumtetea mwanamke huyu?"

Kimya. Kanga kimya. Punda Milia kimya. Kobe, baba wa Yakuti mdogo, akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Basi, jua likitua atatupwa bondeni, penye mawe."

Hapo pakatokea zogo langoni. Walinzi wanapiga kelele, "Rudi! Rudi! Jua liko juu!" Na katikati ya mwangaza wa mchana, bila ya kujifunika, bila ya kujificha, akaingia fisi mzee mwenye kanga iliyochanika, aliyesikia hukumu toka ng'ambo ya ukuta. Walimpiga fimbo moja, akaja. Wakampiga ya pili, akaja. Wakampiga ya tatu, akaja tu, mpaka mbele ya Sultani.

"Wewe ni nani," Simba akauliza, "unayevunja sheria yangu mchana kweupe?"

 Mama akamtazama mwanawe, akamwachia yeye jibu.

Chausiku akasimama. Kamba mikononi, machozi usoni, lakini sauti imesimama. Akasema, na mji mzima ukasikia:

"Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa, jaani, usiku, akaniita Chausiku. Mimi si Bi Yakuti. Sikutoka ng'ambo ya milima, nimetoka nyuma ya ukuta huu. Siku ile nilipomwita mzoa taka wangu mbele ya wageni, nilisema uongo, na aibu ile ni yangu, si yake. Mama, nisamehe."

"Nilikwisha kusamehe kabla sijafika nyumbani," akasema mama. Akamsogelea, akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni: "Mwanangu, nisikilize. Nilipokuwa napita uwanjani pua yangu imenusa. Nyama haiko chini. Iko juu. Kwenye ule mvule wa Chui. Na si yote mizoga: kuna pumzi inapumua kule."

Chausiku akashtuka. Fisi hapandi mti! Tangu dunia iumbwe, nani amewahi kumwona fisi mtini? Lakini akafikiri: nikisema nyama iko mtini, wataniuliza, umejuaje, kama si wewe na mwenzio mlioiweka? Na Chui ndiye mkuu wa walinzi, atatangulia yeye kupanda, ashuke aseme hakuna kitu. Pua ya fisi haina shahidi. Ila sauti yake inao. Mji mzima.

Akasema, "Sultani, umenihukumu, nami nimekubali. Naomba kitu kimoja. Niache niimbe wimbo wa mwisho."

Simba alikuwa mkali, lakini masikio yake yalikuwa bado yanaupenda ule wimbo wa siku ya sherehe. Umati nao ukanung'unika, "Aimbe. Aache aimbe." Simba akasema, "Imba."

"Wimbo huu," Chausiku akasema, akiwatazama wote, "si wa mjini. Ni wa kwetu jaani. Sisi tunakaa na mifupa, tunajua lugha yake. Mfupa wa aliyeonewa ukisikia wimbo huu, huitikia pale ulipo. Tulieni, msikilize utaitikia wapi."

Watu wakatulia hata nzi wakasikika. Mama yake akaokota mawe mawili, akaanza kugonga, ka! ka! ka! Chausiku akaimba:

*Mwana wa Mbuzi, mwana wa Mbuzi,*
*mamayo anakuita.*
*Kama u chini ya udongo,*
*udongo na upasuke.*

Watu wakatazama ardhi. Ardhi kimya. Chausiku hakutazama ardhi, alimtazama Chui. Chui akacheka. "Umeitikia wapi?" akasema. "Uongo mtupu!"

Chausiku akaimba tena:

*Mwana wa Mbuzi, mwana wa Mbuzi,*
*mamayo anakuita.*
*Kama u ndani ya maji,*
*maji nayo yafurike.*

Watu wakatazama kisimani. Kisima kimya. Chui akacheka zaidi, akajishika mbavu. "Jua linakwenda, Sultani! Tusipoteze wakati!"

Ka! ka! ka! Chausiku akaipandisha sauti, ikapita juu ya mapaa:

*Mwana wa Mbuzi, mwana wa Mbuzi,*
*mamayo anakuita.*
*Kama u juu ya tawi,*
*tawi na likuteremshe.*

Chui hakucheka. Chui akainua macho haraka akatazama juu ya mvule wake.

Kidogo tu. Lakini Bi Mbuzi alikuwa anamtazama. Mama aliyefiwa halali, wala hapitwi na jambo. Akapiga ukelele ambao haujasikika Utulivuni tangu siku hiyo: "Juu! Ametazama juu! Wanangu wako juu!"

Tumbili, aliyekuwa katikati ya umati, alikuwa amekwisha ruka. Tawi kwa tawi, akapotea majanini. Wakasikia akisema, "Ole wangu." Akateremsha ngozi mbili ndogo, na shingoni mwa kila ngozi, njuga ya shaba. Watu wakaziba nyuso. Kisha Tumbili akapiga kelele tena, "Ngojeni! Ngojeni!" Akashuka polepole, kwa mkono mmoja, na mkono wa pili amebeba kitindamimba, amefungwa kamba, kinywa kimejazwa majani, macho yanapepesa. Chui alimweka akiba, amle watu wakisharudi kutoka bondeni.

Walipomtoa majani kinywani, mtoto akasema, "Mee. Mama, nimesikia wimbo."

Bi Mbuzi akaanguka juu yake.

Chui akajaribu maneno laini: "Sultani, mimi... huenda upepo..." Simba akamkatiza kwa mngurumo mmoja, na umati ukamwinukia. Akaruka ukuta, mawe nyuma yake, akakimbilia msituni. Ndiyo maana mpaka leo chui anaishi peke yake, hana jirani, na chakula chake anakificha mtini.

Wakamfungua Chausiku kamba. Bi Mbuzi akaja, mtoto mgongoni, akapiga magoti. "Jirani, nilipigilia komeo upande usio wake. Mwizi nilikuwa namkaribisha kahawa."

"Inuka," akasema Chausiku, naye analia. "Tuna wawili wa kuzika pamoja."

Simba akasimama. "Chausiku," akasema, "leo nakupa kitu ambacho mali yako haikuweza kununua. Kuanzia leo wewe si fisi tena. Nakuingiza katika ukoo wa simba. Atakayekuita fisi, atanijibu mimi."

Umati ukashangilia. Vigelegele! Chausiku akangoja vikome.

"Sultani, nakushukuru. Lakini nikiwa simba, mama yangu atakuwa nani? Aliyeokoa mtoto huyu ni pua ya fisi na wimbo wa fisi. Usinitoe mimi kwetu, bwana wangu. Ondoa ile sheria ya langoni."

 Simba akawatazama watu wake. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Mbuzi, kwa sauti iliyokauka: "Iondolewe." Akafuata Kanga: "Iondolewe." Kobe akatoa kichwa chake kwenye gamba: "Iondolewe, tena leo!"

"Imeondolewa," akasema Simba.

Chausiku akamshika mama yake mkono, wakaenda langoni, wakafungua milango yote miwili mpaka ikagonga ukuta. Kule jaani fisi wote walikuwa wamesimama, wanasikiliza. Hakuna aliyethubutu.

"Njooni!" akawaita. "Jua liko juu, njooni!"

Akatangulia bibi mmoja mwenye ndoo. Akaja baba na mtoto mgonjwa. Wakaja vijana, wakaja wote, wanafumba macho kwa mwanga wasiouzoea. Wakapita kati ya watu, na watu wakawapisha njia. Kanga akampokea yule bibi ndoo yake, akamwelekeza kisimani. Mganga akafungua mlango wake mchana. Na Chausiku akapanda ukutani, juu ya lango lile lile, akaimba mpaka jua likatua, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Basi wenzangu, mwaonaje? Mali humhamisha mtu nyumba, haimhamishi kwao. Sifa humpa mtu jina, haimpi mama mwingine. Anayekimbia asili yake hukimbia na kivuli chake mgongoni. Anayegeuka akaishika mkono, huipitisha mlango mkubwa, naye akapita nayo. Na wewe uliye ndani ya lango, mtazame mtu kwa vitendo vyake kabla hujapigilia komeo.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni na jirani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe niitafune.

— Tumeipokea, ni tamu!